Riwaya Sura kwa Sura: Nilichokipata Kwenye Blogu na Kilichonigharimu

Waandishi chipukizi hunijia na swali lilelile: je, wauweke mswada wao mtandaoni kidogo kidogo, au waupeleke kwa mchapishaji na kusubiri? Huwa siwajibu kwa neno moja, kwa sababu njia zote mbili nimezipita na kila moja ilinipa kitu na kunidai kingine. Blogu ilinipatia wasomaji ambao mchapishaji wangu wa kwanza hakuwahi kunipatia, lakini pia ilikaribia kuiharibu riwaya yenyewe, na ilinichukua muda mrefu kutambua kwamba hayo mawili yalitoka kwenye chanzo kimoja. Nayaandika hapa ili anayeanza leo aingie akiwa macho.

Riwaya yangu ya kwanza ilitoka katikati ya miaka ya 2000, nilipokuwa nafundisha Kiswahili katika shule ya sekondari mjini Tanga. Soko la vitabu Tanzania limeegemea shule. Kitabu kisichokuwa cha kiada wala cha ziada, na kisichokuwamo katika orodha ya vitabu teule vya fasihi, wenye maduka hukipokea kwa kusitasita. Waliotutangulia walilijua hilo vizuri; marehemu Ben Mtobwa, mwandishi wa riwaya, aliishia kuanzisha kampuni yake mwenyewe, Heko Publishers, na wengine waliishi kwa hadithi za kila wiki magazetini, ambazo mhariri wa gazeti aliweza kuzikata pale nafasi ilipoisha. Mimi nilisaini na mchapishaji mdogo ambaye hapa nitamwacha bila jina. Mkataba ulisema mrabaha, yaani malipo ya mwandishi, wa asilimia 10 ya bei ya kitabu, kiwango ambacho ni cha kawaida, na taarifa ya mauzo kila mwaka. Taarifa ya kwanza ilikuja. Baada ya hapo simu ziliacha kupokelewa, na nilipofika ofisini nikaambiwa bosi amesafiri. Mwishowe nilizinunua nakala zangu mwenyewe kwa bei ya punguzo, nikawa naziuza kwa walimu wenzangu siku za mishahara.

Wakati huohuo blogu za Kiswahili zilikuwa zinachipua. Ndesanjo Macha alikuwa ameshaonyesha kwa blogu yake ya Jikomboe kwamba mambo mazito yanaweza kuandikwa mtandaoni kwa Kiswahili safi, na mwaka 2005 mpiga picha wa magazeti, Muhidin Issa Michuzi, alianzisha blogu yake, iliyokuja kuwa kama baraza la Watanzania waliotawanyika duniani. Picha za harusi, taarifa za misiba, siasa na mpira vyote vilikuwa humo, na wasomaji wakiitwa wadau. Nilipoona mtu aliyeko Marekani akibishana na mtu aliyeko Mbeya chini ya picha moja, nikapata wazo la kufungua blogu yangu. Haikuwa na gharama ya kuifungua, kwani Google walikuwa wakiitoa huduma hiyo bure. Gharama ilikuwa intaneti kafe, ambako tulilipa kwa nusu saa na ukurasa ulifunguka taratibu kiasi cha kukuwezesha kuusoma mstari kwa mstari unavyojitokeza. Nilikuwa naandika daftarini nyumbani, ili nikifika pale niwe na kazi ya kunakili tu.

Mwanzoni niliitumia blogu kutangaza habari za kazi yangu: kitabu kinapatikana wapi, nimealikwa shule gani, nimesoma nini. Karibu hakuna aliyejali, na sasa naelewa kwa nini. Habari za mwandishi humvutia msomaji ambaye tayari anaipenda kazi yake. Asiyemjua hana sababu ya kufuatilia safari zake. Huu ndio ushauri wangu wa kwanza kwa yeyote anayefungua ukurasa leo na kuujaza picha za uzinduzi na bango la jalada. Mpe msomaji hadithi kwanza. Akishaipenda, atatafuta mwenyewe habari zako.

Hali ilibadilika nilipoanza kuposti mswada wa riwaya ya pili, sura moja kila Ijumaa. Ilikuwa ni hadithi ya familia ya wafanya magendo ya karafuu kati ya Pemba na pwani ya Kenya. Mkongo wa intaneti wa baharini wa SEACOM ulikuwa umefika Dar es Salaam mwaka 2009, mwingine wa EASSy ukafuata mwaka 2010, na ndani ya muda mfupi mtu aliweza kununua bando kwa vocha ya bei ndogo na kusoma akiwa ndani ya daladala. Wasomaji wangu, ambao awali walikuwa watu wa maofisini na walioko ng'ambo, sasa wakawa wauza duka, wanafunzi wa vyuo na askari wa lindo la usiku. Kila sura niliifunga kwa neno "Itaendelea", na Ijumaa nisipoweka sura, Jumamosi simu yangu haikutulia.

Faida kubwa niliyoipata hapo haikuwa sifa. Katika sura mojawapo nililipakia jahazi karafuu usiku wa Januari, likatoka Wete, Pemba, kuelekea Shimoni, pwani ya Kenya, upepo ukilisukuma kwa nyuma na nahodha akiimba. Nilijivunia sana sura ile. Kesho yake nikapata ujumbe kutoka Muscat, kwa mzee aliyejitambulisha kuwa ni mzaliwa wa Pemba na aliwahi kuwa baharia. Alianza kwa salamu ndefu, akaniita mwanangu, kisha akasema: "Januari ni kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, na Shimoni iko kaskazini ya Wete. Jahazi lako hilo halina upepo wa nyuma. Litakwenda kwa kupiga mbisho, likikata huku na huku dhidi ya upepo, usiku kucha, na nahodha hatakuwa na pumzi ya kuimba." Aliendelea kunieleza namna tanga linavyogeuzwa kila jahazi linapobisha, na jinsi mabaharia wanavyolowa. Niliihamishia sura hiyo mwezi wa Agosti, wakati wa kusi, upepo wa kutoka kusini, ambapo pia karafuu mpya huwa zimeanza kuchumwa, na hadithi nzima ikakaa sawa. Hakuna mhariri wa Dar es Salaam ambaye angenionyesha kosa lile. Tangu hapo nikawa naweka mwishoni mwa sura swali moja mahususi kuhusu jambo nisilokuwa na uhakika nalo, badala ya kuuliza kama watu wameipenda. Ukimuuliza msomaji kama amependa, atakusifu. Ukimuuliza kama mzani wa karafuu ulifanyaje kazi pale kituo cha kununulia, atakufundisha.

Hata hivyo, wasomaji haohao walianza kuiandika riwaya pamoja nami, tena bila mimi kuwaruhusu. Kulikuwa na mhusika, mjomba mlevi mwenye utani mwingi, ambaye kwa mpango wangu alitakiwa kufa maji mapema. Nilipodokeza kifo chake, maombi yakamiminika: mwalimu usimuue, shangazi tuachie mjomba, bila yeye hatusomi. Nikamwacha hai. Akaendelea kunywa na kutania sura baada ya sura bila kuwa na kazi yoyote katika hadithi, na kifo ambacho kingemlazimisha mpwa wake kushika usukani kikasogezwa hadi kikapoteza maana. Pia nilijizoesha kumaliza kila sura kwa mlango unaogongwa, bastola inayochomolewa au simu inayoita usiku, kwa sababu hivyo ndivyo msomaji hurudi Ijumaa ijayo. Hadithi ya mfululizo ina sanaa yake, nami siidharau. Waandishi wa machombezo, zile hadithi za mapenzi, wanaotoa sehemu mpya kila siku wana nidhamu ambayo wengi wetu tuliosoma fasihi vyuoni hatuna. Ila riwaya ya kitabu husomwa kwa mkupuo, na msomaji wake huchoshwa na milango mingi inayogongwa.

Kuhusu fedha nitasema wazi, maana hapa ndipo vijana hudanganywa zaidi. Kwa miaka mingi Kiswahili hakikuwamo katika lugha zilizokubaliwa kwenye mpango wa matangazo wa Google, kwa hiyo blogu iliyoandikwa kwa Kiswahili kitupu haikuweza kuingiza senti kwa njia hiyo. Mwenzangu mmoja aliyechanganya makala za Kiingereza alikubaliwa. Akasubiri namba ya siri ifike kwa posta kwenye sanduku lake baada ya kufikisha dola 10, kisha akaambiwa halipwi mpaka afikishe dola 100. Alikata tamaa kabla ya kufika. Mimi nilijaribu njia nyingine. Niliwatangazia wasiotaka kusubiri kwamba wanitumie shilingi 2,000 kwa M-Pesa, nami niwatumie kwa barua pepe sura zote nilizokuwa nimekwisha kuandika. Walijitokeza watu kuliko nilivyotarajia, na kwa siku chache nilijiona nimepata ufumbuzi wa matatizo ya uchapishaji nchini. Haukupita muda faili lile likawa linazunguka katika makundi ya WhatsApp, na mwanafunzi wangu mmoja akanitumia akiwa na furaha, akidhani ananipa zawadi. Faili la mswada ukishalituma kwa mtu mmoja, hesabu kwamba umewatumia wote. Tangu siku hiyo, kinachotoka kwangu kwa njia ya simu ni sura, kamwe si kitabu kizima.

Wizi wenyewe ulikuja kwa namna nyingine. Ukurasa mmoja wa Facebook ulianza kutoa riwaya yangu chini ya jina la mtu mwingine. Mhusika wangu Mwanaisha amekuwa Jackline, na Tanga imekuwa Mwanza, jambo lililomfanya Jackline asafirishe karafuu kwa jahazi kutoka Pemba hadi Ziwa Victoria. Nilicheka kwanza, kisha nikaumia. Kilichonisaidia ni kosa langu la uchapaji: mahali pamoja nilikuwa nimeandika "Shimomi" badala ya "Shimoni", na mwizi alilinakili kama lilivyo. Nilipiga picha kurasa zote mbili, yangu ikionyesha tarehe ya zamani zaidi, nikamwandikia mwenye ukurasa faraghani, kwa heshima, nikimweleza kwamba chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 kazi ya fasihi inalindwa tangu inapoandikwa, hata kama haijasajiliwa popote, na ulinzi huo hudumu maisha yote ya mwandishi na miaka 50 baada ya kifo chake. Aliifuta usiku uleule bila kujibu. Wengine hawakufuta. Kwa hiyo nashauri mambo mawili ambayo hayana gharama kubwa: tunza daftari na nakala za rasimu zenye tarehe, na sajili kazi yako COSOTA, ofisi ya hakimiliki Tanzania, kabla ya kuisambaza, kwa kuwa usajili, ingawa si sharti la kulindwa, hurahisisha ushahidi mambo yakifika mbali. La tatu nililigundua mwenyewe: sura za mwisho usiziposti. Mwizi asiye na mwisho wa hadithi huumbuliwa na wasomaji wake.

Kisha mwaka 2018 zikaja Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni. Waendesha blogu walitakiwa kujisajili kufikia katikati ya mwezi Juni, kwa ada ya maombi ya shilingi 100,000, leseni ya shilingi 1,000,000 na ada ya mwaka ya shilingi 1,000,000 nyingine, na aliyeendelea bila leseni alikabiliwa na faini isiyopungua shilingi milioni 5, kifungo kisichopungua miezi 12, au vyote viwili. Nilikaa na mume wangu tukapiga hesabu. Blogu ya hadithi haikuwa imewahi kuniingizia hata robo ya fedha hizo kwa mwaka. Nikaifunga. Ada zilikuja kupunguzwa miaka iliyofuata, lakini wakati huo wasomaji walikuwa wameshahamia kwenye makundi ya simu, na sikuona sababu ya kuwarudisha.

Kilichoniokoa katika kufunga huko ni daftari la kaunta. Tangu watu walipoanza kunitumia fedha kwa M-Pesa, nilikuwa nikiandika kila jina, namba ya simu na mji, awali kwa hofu ya kumkosea mtu aliyelipa. Blogu ilipozimika, zile hesabu za waliotembelea ukurasa, ambazo nilikuwa nikizitazama kila asubuhi kama mgonjwa anayepima homa, zilizimika nazo, na hazikuwa na thamani yoyote. Daftari likabaki. Mwandishi asiyeweza kumpata msomaji wake bila kupitia mtambo wa kampuni fulani hajampata bado, na hili ningependa kila mwenye wafuasi wengi leo alifikirie, kwa sababu mtambo wowote waweza kufungwa, kubadilishwa au kuhamwa.

Mswada nilimpelekea mhariri, mwalimu mstaafu ambaye hutoza kwa ukurasa na hana huruma. Ulirudi ukiwa mwekundu. Alikuwa amefuta vifungu vyote vya kumkumbusha msomaji yaliyotokea wiki iliyopita, alikuwa amezungushia duara kila mlango uliogongwa, na pembeni mwa jina la yule mjomba aliandika maneno mawili: "Amekwisha kazi." Niliumia kwa siku kadhaa, kisha nikamzamisha mjomba pale alipotakiwa kuzama tangu mwanzo. Karibu theluthi ya mswada iliondoka. Gharama ya uhariri ilinifikia kama mshahara wangu wa mwezi mzima, na kama ningelazimika kuchagua kati yake na jalada zuri, ningechagua uhariri na kuweka jalada la rangi moja.

Wachapishaji niliowaendea walikuwa na majibu ya kueleweka. Mmoja alisema wazi kwamba kazi ambayo imekwisha kusomwa bure haitanunuliwa. Mwingine alinipa mkataba uliochukua haki zote, pamoja na za kidijiti, filamu na tafsiri, kwa muda usio na kikomo. Sikusaini. Niliamua kuchapisha mwenyewe. Namba ya ISBN, ile inayotambulisha kitabu, niliipata Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania bila usumbufu. Kupiga chapa nakala 500 za kitabu cha kurasa 200 na kitu kulinigharimu zaidi ya shilingi milioni 2, na ukichapa chache bei ya kila nakala hupanda, kwa hiyo kishawishi cha kuchapa nyingi ni kikubwa kuliko mfuko. Nilichofanya ni kuwapigia watu wa kwenye daftari kabla sijaenda kiwandani, nikiwaomba walipie mapema shilingi 10,000. Wale walioisoma bure sura nyingi za hadithi hiyo ndio walionunua wa kwanza, kwa sababu walitaka kujua mwisho. Hapo yule mchapishaji hakuwa sahihi.

Usambazaji ndio uliobaki kuwa kazi ya kila wiki. Maduka ya vitabu hupokea kwa mali kauli, yaani hulipa baada ya kuuza, na hukata kati ya asilimia 30 na 40, tena ukizembea kufuatilia utaambiwa kitabu hakijatoka rafuni ilhali rafu ni tupu. Wasomaji wa mikoani niliwatumia kwa basi. Nakala hufungwa kwa karatasi ya kaki, juu yake jina na namba ya simu ya mpokeaji kwa maka peni. Ukishalipia ofisini kwa wakala, unampigia picha risiti pamoja na namba ya gari, ili mzigo ukifika asubuhi ajue wapi pa kuufuata. Gharama ya mzigo mdogo hubaki karibu ileile ukiwa na nakala moja au tano, kwa hiyo niliwashawishi wasomaji wa mji mmoja waagize kwa pamoja. Mzee wa Muscat alipata yake kupitia msafiri. Alinijibu kwamba jahazi sasa linakwenda sawa, lakini bei ya karafuu niliyoitaja ni ya chini mno kwa mwaka ule, na nimeirekebisha kwa ajili ya toleo la pili.

Ninaandika riwaya ya tatu. Toleo la pili la hiyo ya karafuu nimelitia mkononi mwa mchapishaji mwingine, kwa mkataba wa miaka mitano unaotaja kitabu cha karatasi peke yake, na kifungu kinachosema haki zitarudi kwangu iwapo kitabu kitakosekana sokoni kwa mwaka mzima. Kifungu hicho nilikiomba mimi, na nilishangaa kuona kimekubaliwa bila ubishi. Riwaya hii mpya sijaiposti hata aya. Nataka kuipeleka kwenye tuzo ya fasihi ya Kiswahili iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, na anayefikiria tuzo yoyote ni vema asome kwanza masharti yake kuhusu kazi iliyokwisha kuchapishwa, maana sura ulizozimwaga mtandaoni kwa raha zako zinaweza kuhesabiwa. Watu wa kwenye daftari wananilalamikia kila Ijumaa. Wengine wamenitumia fedha za kitabu ambacho hakina hata jina, nami nimewarudishia, pamoja na makato ya kutuma.